Daftari la Kilifi linaloifungua serikali macho

Mfanyakazi wa nyanjani wa KEMRI anaegesha pikipiki chini ya mwembe, anapiga hodi, anasalimia wazee kwanza kisha anauliza maswali yale yale aliyouliza miezi michache iliyopita. Nani amezaliwa? Nani amehamia hapa? Nani ameolewa akaondoka? Nani amefariki? Mama mwenye mji anaendelea kukuna nazi huku akijibu, maana maswali haya ameyazoea tangu alipokuwa kigoli. Majibu yanaingia kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, mgeni anashukuru, anahamia nyumba ya pili. Ukipita Tezo, Roka, Chasimba au Jaribuni siku ya kazi, huenda ukakutana naye na usimtambue.

Kazi hii imefanywa bila kukatika tangu mwaka 2000, katika eneo la takriban kilomita mraba 900 kuizunguka Hospitali ya Kilifi, kusini na kaskazini mwa mkono wa bahari. Mwaka 2011 daftari hilo lilikuwa na majina ya watu wapatao 260,000. Kila mmoja ana nambari yake, nyumba yake, tarehe yake ya kuzaliwa. Mtoto wa eneo hilo akilazwa hospitalini, jina lake hutafutwa humo na ugonjwa wake huandikwa mbele ya nambari yake. Akipata chanjo zahanati ya kijijini, nayo huandikwa. Akifariki, mtu aliyefunzwa kazi hiyo huja baadaye, msiba ukishapoa, akaketi na mzazi na kumwuliza taratibu: homa ilianza lini, alipumuaje, alishikwa na degedege, mlimpeleka wapi kwanza. Mazungumzo hayo ni mazito kwa pande zote mbili, na anayeyafanya hulipwa mshahara wa kawaida.

Nimeanza na daftari kwa sababu tunapozungumzia wanasayansi wanaoihudumia serikali, mawazo yetu hukimbilia mitambo na makoti meupe. Mitambo ipo Kilifi, mingi na ya kisasa. Lakini huduma kubwa kuliko zote ambayo taasisi za utafiti za ufuo huu zimeipa Kenya ni kuhesabu, mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo hakuna waziri aliyeuliza. Na nasema mapema ninachoamini: hesabu ya namna hii ni huduma ya umma kama barabara na maji, na nchi inayoitegemea haina budi kuilipia yenyewe.

Tazama jinsi inavyofanya kazi. Hospitali yoyote inajua ni watoto wangapi walilazwa kwa nimonia mwezi uliopita. Haijui ni wangapi waliugua wakabaki nyumbani, wala haijui walikotoka hao waliolazwa kuna watoto wangapi kwa jumla. Wagonjwa wakipungua, daktari mkuu wa kaunti anaweza kufurahia kuwa ugonjwa umeshuka, kumbe mvua imekata barabara ya Ganze, au wauguzi wamegoma, au familia zimehamia Mombasa kutafuta kazi. Ili kujua ukweli unahitaji namba mbili kwa pamoja: waliougua, na wote ambao wangeweza kuugua. Namba ya kwanza iko wadini. Ya pili iko kwenye daftari la mwenye pikipiki. Sehemu kubwa ya Afrika inayo ya kwanza tu, na hiyo nayo kwa kubahatisha, kwa kuwa vifo vingi vya vijijini havifiki kwa msajili.

Taasisi yenyewe ni mtoto wa sheria. KEMRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, iliundwa mwaka 1979 chini ya Sheria ya Sayansi na Teknolojia, sheria ile ile iliyozaa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na samaki. Miaka kumi baadaye, mwaka 1989, KEMRI ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na wakfu wa Wellcome Trust wa London kuanzisha kituo kidogo ndani ya hospitali ya wilaya ya Kilifi. Kevin Marsh, daktari Mwingereza, na Norbert Peshu, daktari Mkenya aliyekiongoza kituo cha KEMRI hapo, walikuta wadi ya watoto iliyofurika malaria. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, wa wavuvi, makarani wa serikali na kiwanda cha korosho. Leo kituo kina mamia ya wafanyakazi na tawi Nairobi, na wataalamu Wakenya waliosomea hapo wamesambaa duniani.

Moja ya kazi za mwanzo ndiyo inayonigusa kuliko nyingine zilizopata sifa kubwa baadaye. Mwaka 1995 Marsh na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa Kilifi kwa malaria. Walitaka kujua ni yupi kati yao atakayekufa asipohudumiwa upesi. Jibu lilipatikana katika dalili mbili ambazo muuguzi anaweza kuziona kwa macho, bila darubini, bila umeme: mtoto asiyezinduka vizuri, na mtoto anayepumua kwa shida, kifua kikibonyea kila anapovuta pumzi. Dalili hizo mbili zilikuwamo katika zaidi ya asilimia 80 ya vifo. Fikiria maana yake kwa zahanati ya kijijini yenye muuguzi mmoja na foleni inayofika nje ya lango. Anayejua dalili hizo anajua nani atangulie.

Kutokana na moyo huo huo, kundi la Mike English katika mpango huu wa KEMRI na Wellcome liliisaidia Wizara ya Afya kuandaa mwongozo mfupi wa matibabu ya watoto, kijitabu cha kuingia mfukoni ambacho madaktari chipukizi wa hospitali za umma nchini hukifungua usiku wa manane kupima kiasi cha dawa kwa uzito wa mtoto. Wengi wao hawajui kilichangiwa na nani. Kwangu hilo ni dalili kwamba huduma imekuwa ya umma kweli.

Hadithi ya vyandarua ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi utafiti unavyoweza kuibeba serikali, na hata kuisimamisha pale inapoelekea kupotea. Kuanzia 1993 hadi 1995 vijiji vya Kilifi viligawanywa kwa kura. Vingine vilipewa vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, vingine vikasubiri. Kama si hesabu ya nyumba kwa nyumba, iliyofanywa hata kabla ya daftari la sasa, jaribio hilo lisingewezekana, kwa sababu watoto wengi wakati ule walifia nyumbani na hospitali isingewaona. Matokeo yalitoka mwaka 1996: vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Majaribio kama hayo yalifanyika Gambia, Ghana na Burkina Faso, nayo yakaelekeza upande ule ule. Kuanzia hapo hakuna aliyebisha tena kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa maisha.

Ubishi uliobaki ulihusu namna ya kukifikisha kwa mama. Kuna waliosema kiuzwe, kwa hoja kwamba mtu hathamini kitu cha bure. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi kuhusu mambo mengi, na mara nyingi huletwa na watu ambao hawajawahi kugawanya shilingi hamsini kati ya unga na mafuta ya taa. Kenya iliviuza madukani, kisha kwenye kliniki za wajawazito kwa bei iliyopunguzwa, na mwaka 2006, pamoja na kampeni ya chanjo ya surua, ikagawa bure vyandarua vipatavyo milioni 3.4 kwa watoto wadogo. Abdisalan Mohamed Noor, mtafiti Mkenya aliyekuwa akifanya kazi na Bob Snow katika mpango huu wa KEMRI na Wellcome, alikuwa ameshaanza kufuatilia watoto wa wilaya nne, Kwale ikiwemo, tangu kabla ya ugawaji. Alikuta kwamba mwanzo wa kipindi hicho ni asilimia 7 tu ya watoto waliolala chini ya chandarua chenye dawa. Mwisho wa 2006 walikuwa asilimia 67, na pengo kati ya mtoto wa tajiri na mtoto wa fukara lilikuwa karibu kutoweka. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba waliolala chini ya vyandarua hivyo walikufa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 44.

Mwezi Agosti 2007 serikali ya Kenya ilitangaza matokeo hayo, na Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya uliotaka vyandarua vya kudumu vigawiwe bure au kwa bei ndogo mno, na viwafikie watu wote. Mjadala uliochukua miaka ulimalizwa na hesabu za vijiji vya Kenya. Bila hesabu hizo, kila upande ungebaki na imani yake, na wenye fedha nyingi wangeshinda.

Daftari pia linatuzuia kujisifu kupita kiasi. Kilifi, watoto waliolazwa kwa malaria walishuka kutoka 18.43 kwa kila watoto 1,000 mwaka 2003 hadi 3.42 mwaka 2007. Ni rahisi kusema vyandarua ndivyo vilivyofanya yote. Lakini kumbukumbu zinaonyesha kwamba vimelea vilianza kupungua kabla ya ugawaji mkubwa, na baada ya miaka michache malaria ilirudi kupanda kwa kiasi. Kuna jambo jingine linalowashangaza hata wenyeji. Ngerenya, kaskazini mwa mkono wa bahari, ilifika mahali ambapo mtoto angeweza kukua bila kuugua malaria. Junju, umbali wa kama kilomita 20 kusini, iliendelea kuugua. Mvua ni ile ile, minazi ni ile ile. Watafiti wamefuatilia watoto wa sehemu hizo mbili kwa miaka mingi, na tofauti hiyo imewafundisha mengi kuhusu jinsi kinga ya mwili inavyojengeka na jinsi inavyopotea ugonjwa ukiondoka. Afisa wa kaunti anayepanga dawa kwa kuangalia ramani ya Kilifi yenye rangi moja angekosea huko na huko.

Kwenye chanjo, faida ni ya fedha pia. Novemba 2001 Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo dhidi ya bakteria wa Hib, anayesababisha homa ya uti wa mgongo na nimonia. Chanjo ilikuwa ghali na ililipiwa na wafadhili, na kila mtu aliyehusika na bajeti alijua siku itafika ambapo Hazina ya Nairobi itaulizwa: mtaendelea? Kilifi ilikuwa na wadi iliyopima damu ya kila mtoto aliyelazwa na daftari la watoto wote wa eneo. Ikaonekana kwamba ugonjwa wa Hib kwa walio chini ya miaka mitano ulishuka kutoka visa 66 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka hadi 7.6. Karibu miaka kumi baadaye, Januari 2011, ikaja chanjo ya numokokasi, bakteria mwingine wa nimonia. Anthony Scott, Laura Hammitt na wenzao walilinganisha miaka ya kabla na ya baada, kuanzia 1999 hadi 2016, wakakuta kwamba maambukizi makali ya aina zile zilizo ndani ya chanjo yamepungua kwa asilimia 92 kwa watoto chini ya miaka mitano. Hata watu wazima wasiochanjwa walipata nafuu, maana watoto hawakuwaletea tena wadudu hao nyumbani.

Zingatia mwaka wa kuanzia, 1999. Hakuna chanjo iliyokuwapo. Mtu aliketi maabara ya Kilifi akaotesha damu ya watoto kila siku kwa zaidi ya miaka kumi, akiandika alichokiona, kabla ya chanjo kufika. Angengoja chanjo ije ndipo aanze, asingekuwa na cha kulinganisha. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna mwanasiasa anayekata utepe kwa ajili yake.

Corona ilipoingia, Wakenya wengi walisikia jina la Kilifi kwa mara ya kwanza. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Maabara ya Kilifi ilikuwa tayari na mashine na, muhimu kuliko mashine, watu waliozoea kufuatilia virusi vya njia ya hewa. Kundi la James Nokes lilikuwa limetumia miaka mingi kuchunguza virusi vya RSV, vinavyowabana watoto wachanga vifua. Ikawa ndiyo maabara ya kupimia sampuli za kaunti sita za Pwani, kuanzia Lamu hadi Kwale na Taita Taveta, na wataalamu kama George Githinji wakawa wanasoma jenomu za virusi ili wizara ijue ni aina gani imeingia na kutoka wapi. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni, Sophie Uyoga na wenzake walipima damu ya wachangiaji 3,098 kutoka benki za damu za taifa. Waliokuwa na dalili kwamba virusi vimeshapita mwilini walikadiriwa kuwa asilimia 4.3. Nchi ilikuwa imethibitisha wagonjwa elfu chache tu wakati huo. Wizara ilijua kuanzia hapo kwamba ugonjwa umeenea mbali kuliko takwimu za jioni za televisheni zilivyosema, na kwamba hospitali bado hazijafurika kama za Italia. Taarifa kama hiyo hainunuliwi dukani wakati wa dharura. Ama umeitayarishia mazingira miaka mingi nyuma, ama huna.

Sitaki kuwaficha wasomaji upande mwingine. Watu wa Kilifi hawakuipokea kazi hii kwa mikono miwili siku zote. Damu ni kitu kizito, na Pwani tuna kumbukumbu ndefu ya mumiani, mnyonya damu anayewatumikia wakubwa. Gari lenye nembo ya taasisi likipita, watoto walikimbia. Kulikuwa na minong'ono ya kuabudu shetani. Watafiti wenyewe, miongoni mwao Sassy Molyneux, Vicki Marsh na Dorcas Kamuya, waliichukulia minong'ono hiyo kwa uzito, wakaisikiliza na kuiandika, kwa sababu ndani yake mlikuwa na maswali ya haki: damu inachukuliwa kiasi gani, inapelekwa wapi, nani ananufaika? Baadaye kukaundwa mtandao wa wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe, na mikutano ya kueleza utafiti kabla haujaanza. Msamiati wa idhini ukatafsiriwa kwa Kiswahili na Kigiriama.

Hata hivyo swali la nani ananufaika halijaisha, na ni vizuri lisiishe. Watoto wa Kilifi walishiriki majaribio ya chanjo mbili za malaria, RTS,S na R21. Ya kwanza ilipoanza kutolewa nchini Septemba 2019, ilipelekwa kaunti za ukanda wa Ziwa. Uamuzi huo ulikuwa na msingi, kwa kuwa huko ndiko malaria inakoua zaidi, na ramani iliyoonyesha hivyo imejengwa kwa jasho la kundi la Snow. Lakini mzazi wa Junju aliyeshika mkono wa mwanawe sindano ikiingia anastahili kuelezwa hilo barazani na mtu anayemtazama usoni, na anastahili kuona zahanati yake ina dawa. Serikali ya kaunti, iliyokabidhiwa afya tangu ugatuzi wa 2013, haiwezi kuiachia taasisi ya utafiti jukumu hilo.

Kaskazini zaidi, Malindi, kuna hesabu nyingine, ya baharini. Ghuba ya Malindi na Ungwana hupokea maji ya Sabaki na Tana, na tope lile linalowaudhi wenye hoteli ndilo linalolisha kamba. Tangu miaka ya 1970 meli za kukokota nyavu zimekuwa zikivua kamba hapo. Wavuvi wa Ngomeni na Malindi wenye ngalawa na mashua walilalamika miaka nenda miaka rudi: nyavu zao zinaburutwa usiku, samaki wachanga wanatupwa baharini wakiwa wamekufa, kasa wanazama. Wenye meli nao walisema wanaajiri watu na kuleta fedha za kigeni. Mwaka 2006 uvuvi huo ukapigwa marufuku. Serikali ilikuwa na malalamiko ya pande mbili na haikuwa na jambo la tatu la kuyapima.

Jambo hilo la tatu ndiyo kazi ya KMFRI. Watafiti wake, akiwemo Cosmas Munga aliyeichunguza ghuba hii kwa kina, walihesabu samaki wanaoteremshwa na wavuvi wadogo, zana kwa zana, na wakapanda meli kuona kinachoingia wavuni: kamba wangapi, samaki wa kuandamana nao wangapi, wachanga wangapi. Kila baada ya miaka miwili hufanyika sensa ya wavuvi wa Pwani, inayohesabu mashua, nyavu na watu ufuoni, kwa msaada wa vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU. Mpango wa usimamizi wa uvuvi wa kamba ukaandikwa mwaka 2010, na meli zikarudi 2011 kwa masharti: umbali kutoka ufuoni, msimu wa kufunga, vifaa vya kuwaachia kasa watoroke. Wavuvi wengi hawakuridhika, na sidhani walikuwa na makosa kutoamini kwamba masharti yatasimamiwa. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kugombana kuhusu masharti yaliyoandikwa kwa kupima na kugombana kwa kupaza sauti. Mtafiti hawezi kumlazimisha afisa wa doria aende baharini usiku. Hapo sayansi inaishia na serikali inaanza.

Si hao tu. Kituo cha kilimo cha Mtwapa kilitoa mbegu za mahindi za Pwani Hybrid, zinazostahimili joto na mchanga wetu. Na hapo Ngomeni, kwenye mitambo ya San Marco, Waitaliano walirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988, mojawapo ikipewa jina Uhuru kwa kuwa ilipaa tarehe 12 Desemba 1970. Setilaiti hiyo ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengwa kutafuta miale ya eksirei angani. Jina lilikuwa letu, data zilikuwa za wengine. Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya mwaka 2016 ili kurekebisha mambo hayo, na wakala wetu wa anga una kazi ya kuhakikisha kwamba kinachosomwa Ngomeni kinamfikia pia mkulima wa Magarini.

Nataja San Marco kwa sababu inaonyesha hatari ninayoiogopa kwa Kilifi. Mfadhili mkuu wa mpango wa Kilifi tangu 1989 ni Wellcome Trust. Wakfu huo umekaa nasi muda mrefu kuliko wafadhili wengi, na ninaushukuru. KEMRI inalipa baadhi ya wafanyakazi kutoka Hazina. Lakini daftari lenyewe, mwenye pikipiki, maabara inayootesha damu kila siku, vinategemea uamuzi wa wadhamini walioko London, ambao hawachaguliwi na Mkenya yeyote na hawana wajibu wa kisheria kwetu.

Mwaka 2025 tulionyeshwa kinachoweza kutokea. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje Januari, na mwezi uliofuata mpango wa uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliokuwa ukigharimiwa nayo katika nchi nyingi ukasimamishwa. Huo ndio mpango ambao Kenya imeutumia tangu 1989 kujua vifo vya watoto, uzazi na lishe, mara ya mwisho mwaka 2022. Wafadhili wengine walijitokeza kuziba sehemu ya pengo. Lakini kwa muda nchi nzima zilikuwa zinatazama kalamu yao ikichukuliwa kutoka mkononi, na hazikuwa na nyingine.

Sheria tunayo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inaielekeza Hazina kuutengea Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Najua jibu ambalo mbunge wa Pwani atanipa, maana ni jibu la haki: zahanati haina dawa, wewe unataka tulipie daftari? Nami namrudisha kwenye Hib. Chanjo ile ingekuwa ya kwanza kukatwa siku bajeti ilipobana, kwa sababu mtoto ambaye hakuugua haonekani. Kilichomfanya aonekane ni hesabu. Anayekata hesabu ili anunue dawa atanunua dawa bila kujua ipi inafanya kazi.

Na uamuzi mkubwa uko njiani. Gavi, muungano unaosaidia nchi kununua chanjo, unapunguza mchango wake kwa Kenya, na mpango ni kwamba ifikapo 2029 nchi ijigharimie yenyewe. Chanjo ya numokokasi ni miongoni mwa zilizo ghali zaidi. Katherine Gallagher na wenzake wa Kilifi waliwapa watoto wachanga 2,100 chanjo hiyo kwa viwango tofauti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kwa chanjo moja ya aina hiyo, asilimia 40 ya kipimo kizima iliamsha kinga isiyopungua ya kipimo kamili, na kwamba asilimia 20 haikutosha. Kama wizara itaamua kufuata njia hiyo, chupa moja itawatosha watoto wengi zaidi, na fedha zitakazookolewa ni nyingi.

Uamuzi huo hautakuwa mwepesi. Wauguzi watahitaji mafunzo ya kupima kiasi kidogo, watengenezaji hawakuidhinisha dawa yao itumike hivyo, na wazazi watauliza kwa nini mtoto wao anapewa nusu. Afya House, makao makuu ya wizara, italazimika kujibu, na baada ya kujibu italazimika kufuatilia kwa miaka mitano au kumi kama nimonia inarudi. Ufuatiliaji huo una bei inayojulikana, inayoweza kuandikwa katika mstari mmoja wa bajeti ya Wizara ya Afya na mwingine katika bajeti ya Kaunti ya Kilifi. Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa hupitia makadirio ya wizara kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni, na wananchi wana haki ya kupeleka maoni yao kwa maandishi. Mimi nitapeleka yangu, na nawaomba wawakilishi wa jamii wa Roka, Junju na Ngerenya, ambao kwa miaka yote hii wameyajibu maswali ya wengine, wapeleke ya kwao.